Nani kaandika hapa? Kilwa, wiki yetu na watu wasio na majina

Najua nimewatupa, na wapo walioanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Nipo, mwaka wa tatu, Elimu, masomo yangu Historia na Kiswahili, chumba ni kile kile cha watu wanne tunaobebana sita. Kilichoninyamazisha ni jambo moja lililonitokea Kilwa wakati wa mazoezi ya kufundisha, na mpaka wiki iliyopita nilikuwa sijui nilielezeje. Bahati nzuri semina ya historia ya pwani imenipa mahali pa kuanzia. Kwa hiyo leo nawapeni historia, na mambo yangu yamo humo humo ndani.

Mnakumbuka niliwaambia kwamba mimi na kidato cha tatu tulianzisha klabu ya historia? Kila mwanafunzi aende nyumbani, amuulize bibi au babu habari za mahali pao, halafu tuziweke pamoja. Daftari moja halitoshi, na likipotea limepotea. Rafiki yangu anayesoma kompyuta akasema, fungueni wiki. Nilipomweleza bi mkubwa mmoja wa Kivinje kwamba tunaandika wiki, aliniuliza, "Wiki nzima, mjukuu wangu? Mnaandika nini wiki nzima?" Ikabidi nimweleze kwamba hiyo wiki si ya siku saba. Ni neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. Mmarekani mmoja, Ward Cunningham, aliliona kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu, akaipa jina hilo programu yake iliyoingia mtandaoni tarehe 25 Machi 1995. Wazo lake lilikuwa dogo tu: ukurasa ambao yeyote anayeusoma anaweza pia kuuhariri, hapo hapo, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Bila kuomba ruhusa ya mtu. Shikeni hapo, tutarudi.

Sasa twende Kisiwani. Wote tulisoma sekondari kwamba Kilwa ilikuwa dola kubwa la biashara, dhahabu ya Sofala ikapita hapo, Ibn Battuta akafika 1331, Wareno wakaiteka Julai 1505 chini ya Francisco de Almeida. Tukakariri, tukajibu mtihani, tukasahau. Kitu ambacho mimi sikuwahi kujiuliza ni hiki: habari za masultani wenyewe, majina yao na nani alimfuata nani, tumezipata wapi?

Sehemu kubwa imetoka kwenye kitabu kidogo cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Sulwa, ambacho watu wa historia hukiita Tarehe ya Kilwa. Kiliandikwa katika karne ya 16, baada ya Wareno kuingia. Mwandishi anatueleza kwamba alizaliwa mwezi wa Shawwal mwaka 904 Hijria, yaani 1499. Anaeleza kwamba sultani alimwomba aandike. Anaahidi sura kumi, lakini nakala tuliyo nayo inakatika ikiwa na saba. Ila jina lake, wadau, halimo. Siku yake ya kuzaliwa tunayo na jina hatuna! Na hiyo nakala iliyopo London ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, zaidi ya miaka 300 baada ya kitabu kutungwa. Arthur Strong akaichapa 1895. Katika miaka 300 hiyo, nani alinakili kutoka kwa nani, nani aliongeza mstari, nani aliruka mstari? Hakuna alama.

Tena kuna toleo la pili. João de Barros, Mreno ambaye hakuwahi kufika Kilwa, alichapa kitabu chake kuhusu Asia mwaka 1552 huko Lisbon, na ndani yake aliweka habari za wafalme wa Kilwa alizozitoa kwenye tarehe ambayo leo haipo. Na toleo la tatu ni la Kiswahili. Mjerumani Carl Velten alikusanya habari za miji ya pwani kutoka kwa wenyeji akazichapa 1907, na Kilwa Kisiwani imo.

Wekeni hayo matatu mezani kama nilivyofanya mimi maktaba Jumanne. Kisa cha mwanzo ni kimoja: anakuja mgeni Mshirazi, ananunua kisiwa kwa nguo, mwenyeji anahamia bara. Lakini Kiarabu kinasema merikebu saba, baba na wanawe sita. Barros anasema merikebu mbili. Katika Kiswahili mwenyeji anaitwa Mrimba, na mgeni anamwoa binti yake, jambo linalobadilisha kabisa ladha ya kisa, maana hapo kisiwa kinapita kwa ukwe na si kwa biashara tu.

Halafu kuna hili lililonifanya nikae kimya pale maktaba. Kwa Barros, Ali aliyeanzisha utawala wa Kilwa alikuwa mtoto wa mfalme wa Shiraz, lakini mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake walimdharau kwa ajili hiyo. Ndiyo sababu akaondoka. Katika nakala ya Kiarabu huyo mama hayumo. Hayumo kabisa, badala yake kuna ndoto ya panya mwenye pua ya chuma anayetoboa ukuta.

Basi nauliza: kuna mtu alimwondoa yule mama, au kuna mtu alimwongeza? Huenda mwandishi wa sultani aliona si heshima. Huenda mtu mwingine, mahali pengine, alitaka kuishusha nyumba ya Kilwa. Hatuwezi kujua, kwa sababu hakuna aliyeandika pembeni kwamba siku fulani mstari huu ulikuwa hivi, leo nimeufanya vile.

Hapa ndipo narudi Kivinje, na naomba mnisome kwa huruma kidogo.

Bi mkubwa yule niliyemtaja ni bibi wa mwanafunzi wangu mmoja. Alitusimulia habari ambayo wengi hawaisemi. Mnajua Kivinje ilikua kwa nini. Kisiwani ilipofifia, biashara ilihamia kule, na katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa moja ya bandari kubwa za kusafirisha watumwa waliotoka bara, njia ya Ziwa Nyasa. Kabla ya hapo, mwaka 1776, Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupata watumwa 1,000 kila mwaka. Sultani Barghash alitia saini kufunga biashara ya watumwa baharini 1873, na 1876 akapiga marufuku misafara ya nchi kavu. Hayo ni ya vitabuni. Bi mkubwa alitusimulia ya nyumbani: kwamba mmoja wa mabibi zake aliletwa Kivinje akiwa mtoto, kwa miguu, na akabaki. Alisema kwa utulivu kabisa. Mjukuu wake akaandika vizuri, na mimi, mwalimu mtarajiwa, nikaipandisha kwenye wiki pamoja na jina la bibi na mtaa wake. Niliona fahari.

Wiki yetu niliiacha wazi kwa wote. Hakuna akaunti, hakuna nywila, bofya "hariri" uandike. Nilikuwa na sababu: wanafunzi wangu wanatumia simu za wazazi, wengi hawana barua pepe, na nikiwaambia wajisajili nusu yao wataishia mlangoni. Nilisema pia mgeni njoo mwenyeji apone, huenda mtu wa Kilwa aliyeko Dar au Muscat akatuongezea habari.

Mgeni alikuja. Chini ya habari ya bi mkubwa aliandika sentensi mbili. Sizirudii hapa. Maana yake ilikuwa kwamba ukoo ule umekuwa ukijiita Washirazi, kumbe ni watumwa, na sasa wamekiri wenyewe. Zilikaa siku kumi na moja. Mimi nilikuwa nasahihisha mitihani ya katikati ya muhula, sikufungua. Nilijua kwa sababu mwanafunzi wangu aliacha kuja klabu, na mwenzake akanionyesha simu.

Nilifuta ndani ya dakika moja. Kufuta ni rahisi. Kwenda Kivinje ndiyo kazi. Nilimwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba kama siku zote, akanipa na kiti. Akauliza, "Aliyeandika ni nani?" Nikasema hatumjui. Akasema, "Na mlango mliacha wazi kwa nini, na nyumba ni yangu?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo hilo swali ndilo linanifanya niandike.

Nilipotulia nilianza kusoma wengine walifanyaje. Kumbe si sisi wa kwanza. Mei 2005 mtu asiyejulikana aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani, alihusishwa na mauaji ya akina Kennedy. Uongo mtupu, na ulikaa zaidi ya miezi minne. Aliyeandika alipopatikana alisema ulikuwa utani. Desemba mwaka huo huo Wikipedia ya Kiingereza ikaamua kwamba asiye na akaunti hataweza tena kuanzisha ukurasa mpya, ingawa kuhariri zilizopo aliendelea kuruhusiwa. Wikipedia ya Kireno, lugha ya Barros wetu, ilikwenda mbali zaidi: tangu Oktoba 2020 asiye na akaunti hahariri makala kabisa. Wajerumani walichagua njia ya kati mwaka 2008. Mgeni aandike, lakini alichoandika kisionekane kwa wasomaji mpaka mzoefu akipitie.

Wikipedia ya Kiswahili nayo ilianza 2003, na katika miaka ile ya mwanzo Mtanzania Ndesanjo Macha alikuwa mstari wa mbele kuhimiza watu waandike. Mwishoni mwa 2009 Google walileta shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki, zawadi zikiwemo. Makala zilimiminika. Shindano lilipokwisha, wengi hawakurudi. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu kinga ya wiki si programu peke yake. Ni watu wanaorudi kesho kutazama mabadiliko ya karibuni. Wiki yenye kurasa nyingi na macho machache ni kama shamba kubwa lisilo na mlinzi, nguruwe watashiba.

Sasa mtaniuliza, si uzuie tu wasiojulikana, yaishe? Nilitaka hivyo, nilikuwa na hasira. Vitu vitatu vilinizuia.

Kwanza, yule mwandishi wa Tarehe. Tungemzuia kwa kuwa hana jina, tungekosa Kilwa nzima. Na kumbukeni kwamba sultani aliyemwomba aandike anajulikana kwa jina, na huenda yeye ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kupinda maneno. Jina si dawa ya uongo.

Pili, nchi yetu yenyewe. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na kushtakiwa kwa kuwanyima polisi taarifa za watumiaji wake. Sitaki kuanza siasa hapa, ila kesi ile ilitufundisha kwamba kuna watu wanaficha jina ili watukane na kuna watu wanaficha jina ili waseme kweli wabaki salama. Bi mkubwa angekuwa na akili zaidi yangu, angetusimulia bila jina.

Tatu, ufundi. Nilidhani nitamfungia yule mtu kwa namba ya mtandao wake. Rafiki yangu akacheka. Kwetu simu nyingi hutoka mtandaoni kwa namba moja, ukimfungia mmoja umefungia mtaa, pengine na darasa langu lote. Wahariri wengi wa Afrika wamekuwa wakilalamika kwamba wanajikuta wamefungiwa Wikipedia kwa kosa la mtu wasiyemjua.

Basi tukarudi mwanzo na kuchagua upya. Mara ya kwanza nilichagua kwa kuuliza kipi ni bure na kipi ni chepesi. Safari hii nimeuliza swali la Tarehe ya Kilwa: je, ikibadilishwa, nitaona ilikuwaje jana?

Msidhani kila wiki inajibu ndiyo. Wikipedia yenyewe ilipoanza Januari 2001 ilitumia programu iitwayo UseModWiki, ambayo matoleo ya zamani iliyaweka kwa muda tu kisha ikayafuta. Sehemu ya historia yao ya kwanza ilidhaniwa imepotea, mpaka Desemba 2010 Tim Starling alipogundua nakala za akiba za mwanzo. Yaani hata wao nusura wawe na Tarehe ya Kilwa yao! Baadaye walijitengenezea programu ambayo leo inaitwa MediaWiki, inayotunza kila toleo.

Tulitazama pia huduma za kukupangisha bure. Walimu wa zamani wataikumbuka Wikispaces, ilianza 2005, madarasa mengi duniani yakaingia humo, na 2018 ikaanza kufungwa. Aliyekuwa hajachukua nakala yake ilikula kwake. Kwa hiyo swali la pili likawa: siku ya kuhama, tutaondoka na vitu vyetu?

Tukabaki na mbili. DokuWiki, ya tangu 2004, haihitaji hifadhidata, kila ukurasa ni faili la kawaida unaloweza kulinakili kwenye flashi. Inatunza matoleo, na unaweza kupanga nani asome wapi na nani aandike wapi. MediaWiki ni nzito zaidi, inataka seva na hifadhidata, lakini ina kitu kimoja nilichokihitaji sana. Nilipofuta yale matusi, ukweli ni kwamba hayakufutika. Yalihamia kwenye historia ya ukurasa, na yeyote akibofya anayasoma. Hiyo ndiyo shida ya kutunza kila kitu: unatunza na uchafu. Katika MediaWiki msimamizi anaweza kulificha toleo moja machoni pa watu huku rekodi ikibaki kwamba kulikuwa na kitu hapa, kimefichwa na fulani, siku fulani. Si kuchana ukurasa kimya kimya. Ni kufunika na kuandika kwamba umefunika.

Tukachukua MediaWiki, kwenye seva ya rafiki yangu, nakala ya akiba kila Ijumaa. Na taratibu zetu ni hizi, mkitaka kuanzisha yenu chukueni:

Asiye na akaunti anaweza kuandika kwenye ukurasa wa majadiliano tu. Akiwa na habari nzuri, mmoja wetu anaihamishia kwenye makala. Ili kuzuia roboti za matangazo, mlangoni kuna swali la mtu wa Kilwa: taja kisiwa chenye magofu jirani na Kisiwani. Anayejibu Songo Mnara anapita.

Mwanafunzi anapata akaunti kutoka kwangu bila barua pepe, na jina la kubuni analoruhusiwa kulitumia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: aliyechangia vizuri mara kadhaa anapewa zamu ya kupitia mabadiliko. Tuko saba wa zamu, kila mmoja siku yake. Siku kumi na moja hazitajirudia.

Habari ya ukoo wa mtu aliye hai haipandishwi mpaka mwenyewe asomewe na akubali, na jina liwekwe akitaka yeye. Hii haihitaji programu yoyote. Ilihitaji adabu, na mimi sikuwa nayo ya kutosha.

Ya mwisho: hatufuti kisa kwa sababu kinapingana na kingine. Wanaakiolojia wametufundisha hilo. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, na kitabu chake cha 1974 kikamweka Ali bin al-Hassan karibu na mwisho wa karne ya 12. Halafu 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zikapatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwemo zenye jina la Ali bin al-Hassan, pamoja na dinari za Kifatimi za karne ya 11. Tarehe zikarudi nyuma zaidi ya miaka mia. Kama mtu angekuwa amefuta maoni ya zamani kwa kuyaona ya kijinga, tusingejua hata jinsi fikra zilivyogeuka.

Mwezi uliopita nilipita Kivinje nikielekea Lindi. Nilimsomea bi mkubwa ukurasa wake mpya, hauna jina lake wala mtaa. Nikamweleza pia ya Barros, kwamba katika toleo moja Sultani wa kwanza wa Kilwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na katika toleo jingine mama huyo hayupo. Alinyamaza kidogo, akauliza yule mama alikuwa na jina? Nikasema hawakuliandika.

"Basi la bibi yangu liandikeni," akasema. "Langu liacheni, la kwake andikeni."

Tumeliandika, na yeyote akija kulifuta, itaonekana ni lini.

Haya, nimechoka, na kesho nina wasilisho la Saikolojia ya Elimu ambalo sijaanza. Walio kusini mwenye habari za Lindi, Sudi au Mikindani aje kwenye majadiliano. Jina si lazima. Ila jibu swali la mlangoni kwanza.